Mliishia Namba Gani?

Wadogo zangu mliojiunga na chama chetu cha hesabu hapa Kisumu muhula huu, nawapenda, lakini Jumamosi mlinitia uchungu. Niliwapa 1,000,001. Mkaigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, mkaweka kalamu chini, mkatangaza kwa sauti moja kwamba ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Chai yenyewe ilikuwa haijachemka. Ni 101 mara 9,901.

1. Kabla ya kugawa, tafuteni kipeuo cha pili cha namba yenyewe; hapo ndipo pa kuishia, si pale mnapochoka.

2. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001, jaribuni zote tatu kwa mpigo: kateni namba tarakimu tatu tatu kutoka kulia, jumlisheni na kutoa kwa zamu, kisha pimeni kama jibu linagawika kwa 7, 11 au 13.

3. Andikeni mlipofika, na msiite "tasa" kitu ambacho hamjakimaliza. Hapa niliungua. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja si mbali na Kondele, nilitaka kuwashangaza kidato cha pili kwa 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Sikujua kwamba mwanahisabati Fermat naye aliidhania tasa, wala kwamba mwenzake wa baadaye, Euler, aliivunja mwaka 1732. Usiku nikakaa na kalkuleta na orodha ya namba tasa, nikagawa mara 115. Nilipofika 631 ilikuwa saa saba, macho yanawasha, na kipeuo kiko huko 65,536. Nikajiambia namba iliyokataa mara zote hizo haigawiki.

Asubuhi nikaandika ubaoni: "Tasa. Nimejaribu hadi 631." Sijaweka chaki chini, msichana wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, 641 inaingia." Alikuwa amechukua tu namba tasa inayofuata. Nami, kwa kuwa mhadhiri aliyekuja kunikagua alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, nikamwambia akae akahesabu upya. Akakaa.

Saa nne, wakati wa mapumziko, nikagawa mwenyewe: 6,700,417, baki sifuri. Kesho yake nilisahihisha mbele ya darasa na kumwomba radhi. Hakuinua mkono tena mpaka nikaondoka. Ndiyo maana siwakatizi mnapouliza, hata chai ikipoa.

4. Chunguzeni umbo la namba. Euler alionyesha kwamba kila kigawo tasa cha namba ile, kikigawanywa kwa 64, huacha baki 1. Anzeni kuhesabu namba tasa za aina hiyo: 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio matano! Mimi niligawa mara 115 na bado ikanipita.

5. Jumamosi tunaanza na 18,446,744,073,709,551,617, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 64, ongeza 1. Si tasa. Kalkuleta zenu hazitaonyesha tarakimu zote 20, kwa hiyo njooni na karatasi, na kila mtu aandike pembeni alipoishia.