Muulize Katibu: Shemeji kang'oa masale ya mpaka

Anajibu katibu mstaafu wa Baraza la Kata

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mjane wa Rombo, Kilimanjaro. Mwezi uliopita shemeji yangu aling'oa masale (mimea ya kuonyesha mpaka) ya kihamba (shamba la nyumbani) alichoniachia marehemu, akayapanda upya ndani ya migomba yangu, hatua sita nimezihesabu. Nikimuuliza ananijibu, "Nenda kashtaki." Wakili wa mjini amenitajia shilingi milioni moja na nusu. Jirani ananiambia nianzie Baraza la Kata, lakini nasikia siku hizi halina meno, halafu mwenyekiti wake ni mtu wa kunywa mbege na huyo huyo shemeji. Nifanyeje?
– Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama, na pole. Hatua sita za kihamba si mchezo.

Hela ya wakili iache kwanza ilipo. Hata ukimlipa leo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litawarudisha. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, mgogoro wa ardhi hausikilizwi wilayani mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Zikipita siku 30 tangu ulipopeleka malalamiko na suluhu hakuna, unaruhusiwa kwenda hata bila uthibitisho huo. Kwa hiyo mwombe katibu nakala ya malalamiko yako yenye tarehe na muhuri, uitunze pamoja na vyeti vya watoto.

Meno kweli yaling'olewa. Zamani tulikuwa tunaamua kesi ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni tatu. Sasa kazi iliyobaki ni kupatanisha tu. Niliudhika, nakiri. Lakini kwa shauri kama lako sioni hasara: huyo ataendelea kuwa baba mdogo wa wanao, na njia ya kutokea barabarani nadhani ni moja.

Kuhusu mwenyekiti: wanaokaa kusuluhisha ni wajumbe watatu, angalau mmoja awe mwanamke, na si lazima yeye awemo. Mwandikie mapema, kwa adabu, umwombe asikae. Ukingoja kuyasema mbele ya watu utajiongezea adui wa pili. Mawakili nao hawasimami pale, hivyo shemeji hatakuja na wake kukutisha.

Sasa sikia kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu, ndugu wawili walipatana vizuri, wakashikana mikono, nami nikaandika: "Mpaka ubaki ule wa zamani." Miezi minne baadaye hao wamerudi, mapanga kiunoni. Kumbe kila mmoja alikuwa na zamani yake! Tangu siku hiyo sikuandika tena suluhu ya mpaka nikiwa ofisini. Tulikwenda shambani na kamba, tukapima kutoka kwenye kitu kisichohama, jiwe kubwa au kona ya nyumba, tukaandika mita kwa tarakimu na kwa maneno, majirani wa pande zote wakatia sahihi, na masale yakapandwa kabla hatujaondoka. Wewe dai hivyo hivyo. Akigeuka kesho, karatasi hiyo ndiyo utakayoishika.

Kuna jambo hukuligusa: mirathi ilifunguliwa? Kama kihamba kilikuwa cha marehemu na hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, siku mkifika wilayani swali la kwanza litakuwa wewe unadai kama nani. Nenda Mahakama ya Mwanzo wiki hii, usingoje mpaka shemeji alikumbuke kabla yako.

Na ikitokea mzee wa ukoo amekuja na jani la isale, kwa mila yetu ya Kichagga, kukuombea radhi kwa niaba ya shemeji, lipokee. Kulikataa unajua lilivyo zito. Ila siku ya kupima ibaki pale pale, na kamba uje nayo wewe.