Kukosa komunyo si kutengwa na Kanisa

Dada wa Nakuru, pole sana. Umesema umeishi na baba watoto miaka 7 bila ndoa ya kanisani, na mwenyekiti wa jumuiya amekwambia hiyo ni jinai mbele ya Kanisa, yaani kosa lenye adhabu, umetengwa, usionekane tena jumuiyani. Mwenyekiti amekosea. Kosa lake nalijua, kwa sababu lilimtesa mama yangu miaka 22.

Mama alibatizwa Mkatoliki, kisha akaolewa mke wa pili kule Ahero. Katekista akamwambia ametengwa. Tangu hapo akawa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, leso amejitanda mpaka kwenye paji la uso. Wakati wa komunyo alitoka nje akasimama chini ya mwarobaini, watu wasimwone amebaki peke yake. Alipougua hakuthubutu kumwita padri.

Paroko mpya alipopata habari alimwita katekista, akamwekea kitabu cha Sheria ya Kanisa mezani: "Nionyeshe palipoandikwa." Katekista alifunua kurasa, akafunua, mwisho akakifunga. Hapakuwa na mahali.

Padri alitueleza hivi. Kila jinai ya Kanisa ni dhambi nzito, lakini si kila dhambi nzito ni jinai. Ili iwe jinai, kanuni ya 1321 inataka tendo la nje, lililovunja sheria au amri, na mtendaji awe na hatia nzito. Chuki ya moyoni yaweza kuwa dhambi ya mauti, ila hakuna mahakama ya Kanisa itakayoisikiliza. Hiyo ni ya kitubio, yaani ya kuungama kwa padri. Pia, kwa kawaida, sheria yenyewe iwe imeliwekea tendo hilo adhabu. Kutoa mimba kumewekewa: anayefanya hivyo hutengwa papo hapo, bila hakimu kutamka. Na hata hapo, msichana asiyetimiza miaka 18, au mtu ambaye bila uzembe wake hakujua kuna adhabu, haimpati adhabu hiyo ya papo hapo. Dhambi yaweza kubaki, akaiungame. Kuishi na mwanamume bila ndoa, au kuwa mke wa pili kama mama, hakumo kabisa kwenye orodha ya adhabu ya Sheria ya Kanisa ya 1983, wala ilipofanyiwa marekebisho na Papa Fransisko mwaka 2021.

Kwa hiyo wewe hupokei komunyo kwa sababu ya hali unayoishi. Hilo ni kweli na sitakuficha. Lakini Misa ni yako, jumuiya ni yako, watoto wako wabatizwe.

Niongeze jambo moja, maana mkanganyiko huu unaumiza upande wa pili pia. Nimesikia watu wakisema padri aliyemdhulumu mtoto "ameshaungama, yaishe". Haiishi! Maungamo yanaondoa dhambi, hayafuti jinai. Kesi ya Kanisa inabaki, na ya serikali inabaki, na mzazi aende polisi siku hiyo hiyo.

Baba alipofariki, hali ile ya mke wa pili iliisha; mama aliungama asubuhi na Jumapili akapanga foleni ya komunyo. Angekuwa ametengwa kweli, adhabu ingebidi iondolewe kwanza ndipo apate maondoleo. Hakukuwa na cha kuondoa. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni; leso ilikuwa mabegani.

Sasa wewe usingoje mazishi. Nenda kwa paroko mwenyewe, usipitie kwa mwenyekiti, na mwende wote wawili mkiweza. Kama hakuna kizuizi, ndoa inaweza kufungwa bila hema wala keki, padri na mashahidi wawili wanatosha. Atakachouliza kwanza ni kama mmoja wenu alishawahi kufunga ndoa na mtu mwingine ambaye bado yuko hai. Je, alishawahi? Nijibu hapa au inbox, maana hatua zinazofuata zinategemea jibu hilo.