Pampu inawaka laptopu ikichomekwa tu: modeli yako inaendeshwa wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nafuga vifaranga vya sato kwenye simtanki hapa Igombe, Ilemela. Nimechora modeli kwenye Simulink, programu ya kompyuta ya kuunda modeli kwa visanduku, isome kina cha maji kwa kihisi cha shinikizo, kisha iwashe pampu ya kuvuta maji ziwani kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Bodi ni Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kudhibiti vifaa. Nikibonyeza Monitor & Tune mambo yanakwenda, ila rilei inagongagonga maji yakikaribia alama niliyoweka. Nikichomoa waya wa USB na kuiwasha bodi kwa betri ya sola ya volti 12, pampu haiwaki kabisa. Je, bodi imeungua?

JIBU: Marahaba. Bodi iliyoungua kabisa isingekutii hata ukiwa na laptopu, kwa hiyo usikimbilie kununua nyingine. Jiulize kwanza modeli yako inaendeshwa wapi, maana Simulink ina njia tatu za kuiendesha, na kwenye skrini zinafanana mno.

Ukitumia Connected IO, hesabu zote hufanywa na laptopu. Bodi inasoma na kuandika pini tu. Ukitumia Monitor & Tune, programu hupelekwa kwenye bodi kweli, lakini ikiwa imeambatanishwa na sehemu ya kuwasiliana na laptopu, na bodi ikiwashwa upya huisubiri laptopu itoe ruhusa ya kuanza. Wewe umeipa betri, nayo imekaa inasubiri ruhusa ambayo haiji. Unachohitaji ni Build, Deploy & Start. Hapo programu inabaki kwenye kumbukumbu ya flashi ya bodi, KB 32, ambayo haifutiki umeme ukikatika, na huanza yenyewe kila bodi inapowaka. Pia utaokoa RAM, kumbukumbu ya muda ya bodi, na kwenye Uno ni KB 2 tu.

Kabla ya kuipeleka, ongeza kisanduku cha Pulse Generator kinachowasha na kuzima pini 13 kila sekunde. Taa ndogo yenye herufi L iko kwenye pini hiyo. Ikimweka kwa mpigo wake bila laptopu, programu inaendeshwa, na kama pampu bado imelala tafuta tatizo kwenye rilei au nyaya. Mimi siachi kuweka taa hii kwenye kazi yoyote inayokwenda kukaa mbali na meza.

Sasa rilei kugongagonga. Hapa nina wasiwasi na kihisi chenyewe. Soma kilichoandikwa ubavuni mwake. Vingi vinavyouzwa kwa ajili ya Arduino ni vya mabomba, vinapima hadi MPa 1.2 (yaani kPa 1200) na kutoa volti 0.5 hadi 4.5. Uno inaigawa volti 5 katika hatua 1024, kwa hiyo kihisi hicho kinakwenda kutoka takriban 102 hadi 921, yaani hatua kama 819 kwa MPa 1.2 nzima. Mita moja ya maji ina shinikizo la kPa 9.8 hivi. Piga hesabu: kila mita ya simtanki inapata hatua zisizofika saba, na hatua moja ni karibu sentimita 15! Usomaji ukitikisika kwa hatua moja tu, modeli inaamini maji yamepanda au yameshuka kwa kina hicho. Ujanja wa programu pekee hautatibu hilo vizuri. Tafuta kihisi kinachopima hadi kPa 20, kitakupa hatua kama 400 kwa mita.

Hata ukipata kihisi kizuri, maji yanayomwagika kutoka juu yanatibua uso wa tanki, hivyo alama moja ya kuwasha na kuzima haitoshi. Ondoa kisanduku cha kulinganisha, weka kisanduku kinachoitwa Relay, ambacho kina alama mbili. Wengi wanakwama hapa kwa sababu Simulink haikubali Switch on point iwe chini ya Switch off point, wakati pampu tunataka iwake maji yakipungua. Geuza matokeo: Switch on point weka 80, Switch off point 40, kisha Output when on iwe 0 na Output when off iwe 1. Maji yakifika asilimia 80 pampu inazima, na haiwaki tena mpaka yashuke hadi 40. Kama rilei yako ni ya aina inayowaka pini ikiwa chini (0), badilisha hizo 0 na 1.

Angalia pia aina ya namba. Analog Input inatoa uint16, isiyojua hasi. Waya wa kihisi ukikatika na usomaji ukawa 0, ukitoa 102 (usomaji wa tanki tupu) ndani ya uint16 unaweza kupata 65434. Modeli itaona tanki limejaa na pampu haitawaka. Geuza kuwa int16, inayokubali hasi, kabla ya kutoa.

Betri ya sola inapochajiwa hupita volti 14, na tundu la umeme la Uno linapendekezwa volti 7 hadi 12. Weka kipunguza volti cha kutoa 5, ulishe bodi kupitia pini ya 5V, na kihisi kitumie volti 5 hizohizo. Kama pampu nayo inakula betri hiyo, ipe nyaya zake nene moja kwa moja kutoka kwenye betri. Taa ya L ikikatiza mpigo kila pampu inapoanza, bodi inajiwasha upya kwa sababu volti zimezama.

Lililobaki hukuuliza, lakini nakusihi ulifanye. Upande wenu magugu maji yakisukumwa na upepo yanaweza kuziba mdomo wa bomba la kufyonzea, na pampu ikazunguka kavu hadi iungue. Pima kwa saa pampu isiyo na hitilafu inachukua muda gani kutoka asilimia 40 hadi 80, kisha weka kihesabu muda kwenye modeli: ikizidi mara mbili ya muda huo bila maji kufika, pampu izimwe na pini nyingine iwashe king'ora. Isijiwashe yenyewe hadi mtu aende kusafisha bomba na kubonyeza kitufe.