Maswali na majibu: Kila huduma na mtumiaji wake

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: programu ya kushirikishana faili, iwe Transmission (ya BitTorrent), Syncthing (ya kulandanisha folda kati ya vifaa) au Samba (ya kufungulia folda kwenye mtandao wa nyumbani), inayotakiwa kuwaka yenyewe kwenye kompyuta iliyokaa pembeni mwa sebule bila skrini. Nachukulia mna Debian au ndugu zake, yaani Ubuntu na Raspberry Pi OS, na kwamba kuingia kwa SSH na kuhariri faili kwa nano si mtihani kwenu. Ambaye hajafika hapo aanzie hapo kwanza.

Nimeweka Transmission kwenye Raspberry Pi. Nikifunga terminali tu, upakuaji unasimama. Rafiki yangu mmoja anasema nitumie nohup, mwingine anasema screen. Nimsikilize yupi? (Morogoro)

Usimsikilize hata mmoja. Programu uliyoiwasha kutoka terminali ni mtoto wa terminali ile. Mzazi akiondoka, naye anaondoka. Kwa nohup au screen mtoto atabaki, sawa, lakini umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, nani atamwamsha? Kazi hiyo ni ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, ambayo Debian imeitumia kama kawaida yake tangu toleo la 8 la mwaka 2015. Ipo kwako tayari.

Sakinisha kifurushi cha `transmission-daemon` kwa apt. Kinakuja na faili ya huduma na, la muhimu zaidi, kinatengeneza mtumiaji wake anayeitwa debian-transmission. Mtumiaji huyu haingii kwa SSH wala hamiliki kitu zaidi ya folda zake. Hivyo ndivyo ninavyotaka kila programu ya seva zenu ikae. Kama yako haikuja na faili ya huduma, tengeneza mtumiaji kwa `sudo adduser --system --group faili`, kisha andika mwenyewe, ndani ya `/etc/systemd/system/`:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target
RequiresMountsFor=/mnt/faili

[Service]
User=faili
ExecStart=/usr/local/bin/programu
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mstari wa `User=` ndio unaosahaulika kila mara, na systemd isipouona inaiendesha programu kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Halafu `start` huiwasha huduma sasa hivi, `enable` huiandikisha iwake kila mashine inapoamka. Ukitaka yote mawili, `enable --now`.

Kwani root ina ubaya gani? Seva ni yangu, nyumbani niko peke yangu, na nikiwa root kila kitu kinakubali. (Dodoma)

Kinakubali kwa sababu root haulizwi. Ile ruhusa iliyokukatalia ilikuwa inakueleza jambo kuhusu diski yako. Umeinyamazisha, na jambo lenyewe bado hulijui.

Ubaya wake utauona siku programu itakapokutwa na tundu. Aliyepitia tundu hilo anapata mamlaka yaleyale iliyokuwa nayo programu. Januari 2018 Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, alionyesha kwamba ukurasa wa wavuti ulioufungua tu kwenye kivinjari ungeweza kuipa amri Transmission inayoendeshwa kwenye mashine hiyohiyo bila nenosiri. Ukurasa ungeweza kuiagiza iendeshe skripti yoyote upakuaji unapokamilika. Au ungebadilisha folda ya kupakulia iwe folda yako ya nyumbani, kisha ikapakuliwa hapo .bashrc, faili ya amri zinazoendeshwa terminali ikifunguliwa, iliyoandikwa na mshambulizi, isubiri ufungue terminali.

Tundu lile lilizibwa. Lakini fikiria nyumba mbili siku ile. Katika ya kwanza Transmission ni ya debian-transmission: mshambulizi anavuruga folda ya vipakuliwa, na hawezi kuugusa mfumo wenyewe. Katika ya pili ni ya root: ana picha za familia, ana hati za benki ulizoskani, ana funguo zako za SSH na kila mashine ambayo funguo hizo zinaifungua. Kukaa peke yako nyumbani hakukusaidii kitu hapo.

Kila nikibadilisha settings.json ya Transmission na kuwasha upya huduma, mabadiliko yanapotea. (Kampala)

Zima huduma kwanza, hariri, kisha iwashe. Transmission ikizimwa huandika upya faili hiyo kwa mipangilio iliyo nayo kichwani, ikafuta yako. Nimelijibu hili mara nyingi mno, tafadhali lishikeni.

Nimepiga chmod -R 777 kwenye /media/mimi/diski/filamu na bado Transmission inasema "Permission denied". (Arusha)

Barua kama hii hainipiti wiki, na kila anayeiandika ameshapiga 777, yaani kumruhusu kila mtu kila kitu, kabla hajaangalia tatizo liko wapi. Andika hivi:

`namei -l /media/mimi/diski/filamu`

Utaonyeshwa kila hatua ya njia ile, folda baada ya folda, mwenyewe ni nani na nani anaruhusiwa kupita. Diski ikichomekwa kwenye mashine yenye eneo-kazi la picha (desktop), hupachikwa (mount) chini ya /media ndani ya folda yenye jina lako, na folda hiyo hufungwa wengine wasipite. debian-transmission amesimama getini. Wewe umefungua milango yote ya vyumbani, geti lenyewe hujaligusa.

Diski ya seva ipewe mahali pake, mfano /mnt/faili, kupitia /etc/fstab, orodha ya diski za kupachika, kwa UUID yake, yaani kitambulisho chake, ambayo `blkid` itakuonyesha. Kama bado ina mfumo wa faili wa exFAT au NTFS uliotoka nao dukani, chmod kwa kawaida haibadilishi kitu pale: mwenye faili anaamuliwa na uid, gid na umask (namba ya mtumiaji, ya kundi, na ruhusa zinazoondolewa) ulizoandika kwenye fstab. Mimi ningehamisha vilivyomo, nikaifomati kwa ext4. Inavumilia kukatika kwa umeme kuliko exFAT, na inajua watumiaji ni nini.

Kisha tengeneza kundi moja, jitie humo wewe na debian-transmission, folda ikabidhi kundi hilo kwa chgrp na uipe 2775. Ile 2 ya mbele hufanya kila faili mpya irithi kundi la folda. Kama Transmission yako ni ya kabla ya toleo la 4, umask ndani ya settings.json imeandikwa kwa hesabu ya kumi: ile 18 unayoiona ni 022. Huduma ikiwa imezimwa, weka 2, ili kundi liweze kuandika. Washa upya huduma, nawe toka na uingie tena, maana uanachama wa kundi hausomwi katikati ya safari. Baada ya hapo ondoa hiyo 777 kila ulikoipiga.

Umeme ulikatika Jumapili. Uliporudi, Syncthing kwenye seva ikalalamika kwamba .stfolder haipo. Nikaiunda kwa mkdir kama nilivyoelekezwa. Dakika chache tu picha zote za watoto zikaanza kufutika kwenye simu yangu na ya mume wangu. Naomba msaada wako. (Mombasa)

Pole sana, dada yangu. Soma hadi mwisho kabla hujagusa kitu, kwa sababu karibu nina hakika picha hizo bado zipo.

Ilivyotokea ni hivi. Seva iliamka, lakini diski ya nje haikupachikwa. Palipokuwa na picha pakabaki folda tupu, iliyo kwenye kadi ya SD. Syncthing ilipofika pale ikatafuta .stfolder, alama inayoiweka ndani ya kila folda inayolandanisha, isiione, ikasimama. Alama ile ni mlinzi. Kazi yake ni kuzuia folda tupu isidhaniwe kuwa mwenye nyumba ameamua kufuta kila kitu. Ulipoiunda kwa mkono wako ukamwambia mlinzi kwamba mambo ni shwari, naye akapeleka habari ya kufutwa kwenye simu zote mbili. Aliyekuelekeza hivyo bila kukuuliza diski iko wapi amekukosea.

Sasa fanya hivi. Simamisha huduma kwenye seva kwa `sudo systemctl stop syncthing@jina.service`, ukiweka jina la mtumiaji wako. Funga Syncthing kwenye simu zote mbili. Angalia kwa `lsblk` kama diski inaonekana. Ipachike, ingia ndani yake: picha zitakuwepo, kwa sababu kilichofutwa ni kwenye simu, na diski hii ilikuwa imelala nje ya mkasa wote. Zinakili kwenye diski ya pili kabisa kabla hujawasha Syncthing tena. Usiruke hatua hiyo hata kama una haraka.

Likitulia, funga njia isirudi. Tumia `sudo systemctl edit syncthing@jina.service` uongeze chini ya [Unit] mstari wa `RequiresMountsFor=/mnt/picha`; diski isipopachikwa, huduma haitawaka. Kwenye fstab ongeza `nofail`, la sivyo diski ikikosekana mashine nzima hukwama kwenye hali ya dharura, na seva isiyo na skrini haina wa kuikwamua. Diski ikiwa haijapachikwa, ifunge folda ile tupu kwa `sudo chattr +i /mnt/picha`, asiandike mtu ndani yake. Kila simu iwe na folda yake, iwekwe kwenye hali ya kutuma tu, ili ufutaji unaotoka kwenye seva usiiguse. Na washa utunzaji wa matoleo ya faili kwenye seva.

Kwangu jambo kama hili lilitokea kwa Transmission, ambayo haina mlinzi wa namna hiyo. Diski haikupachikwa, ikaendelea kupakua kwenye kadi ya SD hadi kadi ikajaa, na asubuhi hata SSH ilinikatalia. Tangu siku hiyo siandiki faili ya huduma bila RequiresMountsFor.

Tena, kulandanisha si nakala rudufu. Unachofuta huku kinafutika kule, na ndicho kilichokupata. Diski ya pili, ichomekwe mara moja kwa wiki, inakiliwe, ichomolewe, ikae kabatini.

Nimefungua poti 9091 kwenye ruta niione Transmission nikiwa kazini. Haifunguki. Ruta ni mbovu? (Nairobi)

Yaelekea ruta ni nzima. Ingia ndani yake usome anwani ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, au ikianza na 10, basi mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Poti uliyofungua inatokea kwenye uchochoro wa kampuni, haifiki barabarani.

Nami nasema afadhali. Ukurasa wa 9091 hausimbi chochote. Nenosiri lako lingepita wazi. Ifunge leo, kisha weka Tailscale, mtandao binafsi uliosimbwa, kwenye seva na kwenye simu: inafanya kazi hata nyuma ya mpangilio huo bila kufungua poti yoyote. Mwenye anwani yake ya umma anaweza kutumia WireGuard, ya jamii hiyohiyo.

Na yeyote anayefikiria kufungua 445 ili afikie Samba akumbuke Mei 2017. WannaCry ilipita kwenye poti hiyo, kwenye Windows zisizosasishwa, ikavuruga kazi katika hospitali za Uingereza. Mwezi huohuo Samba nayo ilibidi itoe kiraka cha tundu lake lililomwezesha mtu kuendesha msimbo kutoka mbali.

Nimepakua Debian ya GB 4 tu, bando la GB 30 limeisha kwa siku tatu. (Mwanza)

Ulipakua GB 4, zilizobaki umegawa. BitTorrent, tangu Bram Cohen alipoitunga mwaka 2001, imejengwa hivyo: anayepokea naye anatoa, na huduma ya chinichini haiachi kutoa eti kwa sababu wewe umelala. Zima huduma, kwenye settings.json weka `ratio-limit-enabled` na `speed-limit-up-enabled` ziwe true, upange viwango unavyovimudu. Ukipata intaneti isiyo na kikomo ongeza viwango hivyo; Debian inawafikia watu kwa sababu wengine wanaacha mashine zao wazi. Ila iwe Debian na vitu vya aina hiyo. Filamu na muziki wa msanii anayeishi kwa jasho lake usiugawe, hata kama kila mtu mtaani anaugawa.

Syncthing yangu haiwaki mpaka niingie kwa SSH. (Bujumbura)

Umeiwasha kwa `systemctl --user`, ambayo hungoja uingie. Andika `sudo loginctl enable-linger jina`.

Samba inakataa nenosiri ambalo nina hakika nalo. (Tanga)

Hilo ni la Linux. Samba ina lake: `sudo smbpasswd -a jina`.

Natumia laptopu ya zamani kama seva. Nikifunga kifuniko inalala. (Zanzibar)

Kwenye /etc/systemd/logind.conf weka `HandleLidSwitch=ignore`, uwashe upya mashine. Umechagua vizuri, betri yake itakuvusha umeme ukikatika kwa muda mfupi. Iangalie kila mwezi: ukiona sehemu ya kipanya imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, betri imevimba. Zima mashine siku hiyohiyo na umpelekee fundi aitoe.