Kukodi gari: bima italipa nini, wewe utalipa nini?

Tunakodi Prado siku tatu kwenda harusini Moshi. Mwenye kampuni anasema gari lina bima kubwa, tusiwe na wasiwasi. Lakini mkataba unataja "eksesi", na kuna nyongeza ya shilingi 30,000 kwa siku ya kuipunguza. Nilipe? (Msomaji, Dodoma)

Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lenyewe, ni jambo jema, ila haimaanishi kwamba hutatoa kitu. Eksesi ni sehemu ya hasara ambayo kampuni ya bima hailipi, na kwenye gari la kukodi sehemu hiyo unabebeshwa wewe. Tuseme mkataba unasema asilimia 10 ya gharama, isiyopungua milioni 1. Ukigonga ng'ombe usiku, boneti na taa zikatengenezwa kwa milioni 4, asilimia 10 ni laki 4. Lakini utalipa milioni 1, kwa sababu ya hayo maneno "isiyopungua". Wengi huisoma asilimia wakaishia hapo.

Nyongeza yako kwa siku tatu ni 90,000. Uliza inaishusha eksesi hadi shilingi ngapi, kisha jiulize: hiyo milioni ikidaiwa Jumatatu, ninayo bila kukopa? Kama huna, lipa nyongeza. Kama inashusha kidogo tu, iache.

Uliza pia kuhusu tairi, rimu, kioo cha mbele na chini ya gari. Mara nyingi hivi huachwa nje hata ukilipa nyongeza, na ndivyo vinavyoumia kwenye barabara ya vumbi. Jibu liandikwe kwenye mkataba. La mdomo halitakusaidia siku ya kurudisha gari. Na kabla hujaondoka, piga picha kila mkwaruzo, bampa hadi bampa, mwenye gari akiwepo.

Kaka, jirani ananikodisha IST yake kwa bei nafuu kuliko kampuni. Anasema ina bima. Kuna tatizo? (Msomaji, Mbagala)

Linaweza kuwepo, na kubwa. Kwanza, bima gani? Kama ni bima ndogo, inamlipa uliyemgonga. Gari la jirani litatengenezwa kwa fedha zako.

Pili, hata ikiwa kubwa, ilikatwa kwa matumizi gani? Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikodishwa kwa fedha, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa madai. Na itajua, maana kitu cha kwanza mkaguzi anachouliza ni nani alikuwa anaendesha na alilipataje gari. Hapo ninyi wawili, majirani wa siku zote, mtabaki mnadaiana.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, uone kama bima bado iko hai. Halafu mwombe jirani hati yenyewe, usome sehemu ya matumizi. Isipotaja kukodisha, ongeza fedha ukakodi kwa kampuni. Nasema hivi nikijua bei zilivyo.

Naishi Ohio, nakuja Mombasa Desemba na familia. Bima yangu ya gari ya huku na kadi ya benki zitanisaidia? (Msomaji, Columbus)

Bima ya gari, hapana. Kwa kawaida za Marekani zinaishia Marekani yenyewe, maeneo yake na Kanada.

Kadi, huenda. Masharti ya kawaida ni mkataba uwe kwa jina lako, ulipe gharama yote ya kukodi kwa kadi hiyo, na ukatae nyongeza ya kampuni ya gari. Zipo zinazobagua nchi, magari fulani na barabara zisizo na lami, kwa hiyo waombe benki barua inayoitaja Kenya. Kumbuka pia kwamba kinga hiyo ni ya gari tu. Ukimgonga mwenye bodaboda, unategemea bima ya gari lenyewe.

Mdogo wangu anaweza kunipokea usukani njiani? (Msomaji, Iringa)

Jina na leseni yake viandikwe kwenye mkataba kwanza. La sivyo, asiguse usukani.

Shikamoo. Nataka kuvuka mpaka wa Horohoro na gari la kukodi niende Mombasa. Bima ya Tanzania inatosha? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Haitoshi peke yake. Pata Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima ya gari linalovuka mipaka; Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi inashughulikia madhara utakayowafanyia wengine, na matibabu ya dereva na abiria. Uharibifu wa gari lenyewe haumo, hivyo mwenye gari aombe bima yake kubwa iongezwe hadi Kenya, na akupe barua ya ruhusa ya kuvuka. Ukipata ajali upande wa pili, usirudi bila "abstract", yaani taarifa ya ajali, ya polisi wa Kenya. Madai yako yatakwama bila karatasi hiyo.