Lucy alishika filamu zake

Wiki iliyopita mliuliza: mwigizaji wa kike wa vichekesho vya runinga hudumu kwa kipaji au kwa bahati? Mimi nasema kwa mkataba, na shahidi wangu ni Mmarekani, Lucille Ball.

Kipaji chake sibishani nacho. Mtazameni katika kile kipande cha mwaka 1952 cha kipindi chake I Love Lucy, yeye na Ethel, shoga yake katika kipindi, wameajiriwa kiwanda cha chokoleti. Kazi yao ni kuifunga kila chokoleti karatasi inapopita kwenye mkanda wa mashine. Mkanda unakaza mwendo, wao wanaelemewa. Wanazila, wanazificha kofiani, wanazitumbukiza kifuani. Msimamizi akija haoni hata moja iliyopita bila karatasi. Anafurahi, anaagiza mashine izidishwe mbio. Lucy mashavu yamefura kama ya panya buku, macho yamemtoka, neno hawezi kutoa. Sisi wa Mombasa wenye Kiingereza cha kuombea maji tunacheka sawa na watu wa New York.

Bahati nayo ilimchelewea. Alizaliwa 1911 mjini Jamestown, jimbo la New York, baba akafa kwa homa ya matumbo yeye akiwa na miaka mitatu. Alizunguka Hollywood tangu miaka ya 1930 bila kufika daraja la kwanza. Kipindi chake kilipoanza Oktoba 1951 alikuwa keshatimiza miaka 40. Kwetu mwigizaji wa umri huo huwa ameshageuzwa mama mkwe! Tena kampuni ya runinga ya CBS walisita kumpa nafasi mumewe, Desi Arnaz, Mcuba mwenye lafudhi nzito, hadi wawili hao walipozunguka kwenye majukwaa mwaka 1950 na watu wakawapokea.

Sasa huo mkataba. Enzi hizo vipindi vingi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ikaletewa nakala iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha runinga, ukungu mtupu. Lucy na Desi hawakutaka kuhama California. Wakapendekeza kupiga kwa filamu halisi, kamera tatu, mbele ya watazamaji. Gharama ikapanda. Wakakubali kukatwa dola 1,000 kwa wiki, kwa sharti kwamba filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Na nani wakati huo aliwaza kuwa kipindi kilichokwisha kuonyeshwa kina thamani yoyote?

Filamu hizo ndizo zilizoleta marudio, na marudio yakaleta pesa. Desilu iliwauzia CBS vipindi hivyo kwa mamilioni ya dola, na mwaka 1957 ikanunua studio za filamu za RKO, kulekule Lucy alikokuwa mwigizaji wa kuajiriwa.

Shangazi yangu naye aliigiza vichekesho hapa Pwani, katika kituo ambacho sitakitaja. Alilipwa siku ya kurekodi, akatia sahihi kwenye daftari, basi. Miaka mingi baadaye yuko kwa msusi Majengo, kichwa nusu kimesukwa, runinga ya saluni ikamtoa yeye mwenyewe akimfukuza mume kwa mwiko. Wanawake wakapiga vigelegele. Msusi akamwambia, “Leo bibi utalipa maradufu, kumbe wewe staa!” Naye alikuwa ameomba kusukwa kwa deni.

Mtaniambia akili ya biashara ilikuwa ya Desi. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini walitalikiana 1960, na 1962 Lucy akanunua hisa za Desi kwa dola milioni 2.5, akaiongoza studio mwenyewe. Star Trek, ile tamthilia ya safari za angani, ilianza Desilu chini ya uongozi wake. Mwaka 1967 akaiuza kampuni kwa dola milioni 17, na miaka yote hiyo hakuacha kujigaragaza mbele ya kamera.

Simdai mtu studio. Kwa waigizaji wetu ningeridhika na mstari mmoja kwenye mkataba: kipindi kikirudiwa, tulipwe kitu, hata shilingi mia tano. Wenye vituo watasema hawana bajeti. Mbona kipindi cha shangazi kilikatizwa mara tatu pale saluni kwa tangazo la sabuni, na mwenye sabuni hakutangaziwa bure?