Kwanza aniambie: taolu au sanda?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanao akikwambia anataka wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, iwe kazi yake, utamruhusu? Mimi nitamruhusu, ila kwanza aniambie ni taolu au sanda. Hapa Nakuru watu wakisikia wushu wanawaza filamu za kung fu, basi.

Kwenye taolu unaonyesha miondoko iliyopangwa, hupigani na mtu: uko peke yako juu ya zulia la mita 14 kwa 8, mikono mitupu au na upanga, mkuki, fimbo. Alama ni 10: 5 za usahihi, 3 za uchezaji kwa jumla, 2 za ugumu wa miruko. Mpwa wangu anafanyia mazoezi kwenye sakafu ya saruji. Akiruka teke la kuzunguka anatua vizuri, halafu kisigino cha nyuma kinateleza kidogo tu, upana wa kidole. Mimi na wewe hatuoni. Mwamuzi anaona, na 0.1 imekwenda, ukianguka ni 0.3. Na saruji hiyo inamla magoti kila jioni. Jet Li, yule mwigizaji wa filamu za kung fu, alianza akiwa na miaka minane, akatwaa ubingwa wa China kuanzia 1974, na kabla ya kufika 20 alikuwa ameshaachana na mashindano. Kijana wa miaka 17 anayeanza taolu leo amechelewa, tusidanganyane.

Sanda ni habari nyingine. Ni pambano la ngumi, mateke na kuangushana, raundi 3 za dakika 2, anayechukua raundi mbili ameshinda. Huu ni mji wa bondia Philip Waruinge, aliyeleta shaba ya Olimpiki 1968 na fedha 1972, mikono tunayo. Shida ya mabondia wetu ni miguu: wanaegemea ule wa mbele, na kwenye sanda huo ndio unaofagiwa. Tena jukwaa limeinuka sentimita 80 na halina kamba. Ukisukumwa nje, alama ni za mwenzako.

Pesa? Ndogo. Wushu haimo kwenye Olimpiki ya wakubwa. Beijing 2008 ilichezwa kando tu, medali zake hazikuhesabiwa. Olimpiki ya Vijana ndiyo imeufungulia mchezo huu mlango, Dakar 2026. Kwa hiyo wangu atapigana sanda huku akisomea ukocha na uamuzi, na Kichina pia, maana Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro wanakifundisha. Nauli ya matatu na glavu nitatoa. Viatu sinunui, sanda huchezwa peku.